Kampuni ya programu za kufungwa inataka ubia nasi hapa Tanga: tusaini kipi, tugomee kipi?

#1 Mwana Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni ausome akitulia.

Sisi ni vijana wachache tuliosajili kampuni BRELA, ofisi yetu iko Ngamiani. Tunasimika ERPNext, programu ya hesabu, mauzo na stoo za biashara, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, maduka ya dawa na SACCOS, halafu tunaihudumia: kufundisha makarani, kurekebisha ripoti, kutunza nakala za data. ERPNext ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi na yeyote anaipakua bila kulipa. Tunacholipwa ni kazi yetu, pamoja na moduli ndogo tulizoandika wenyewe kwa ajili ya hisa na mikopo ya SACCOS.

Sasa kampuni moja ya Dar inayouza programu ya uhasibu ya kufungwa (msimbo wake hauonyeshwi mtu), ambayo tumekuwa tukigombania nayo wateja wale wale, imetuletea rasimu ya mkataba wa ubia. Wao wana kiunganishi cha EFD, yaani kinachoiunganisha programu na mashine ya risiti za kodi, na kinafanya kazi; wana maafisa mauzo mikoani na jina linalojulikana. Sisi tuna watu wa kufika Makorora au Pongwe siku hiyo hiyo mfumo ukigoma. Wanasema tuzifanye programu zetu zisomane, tuuze pamoja, tugawane mapato kwa asilimia. Mpaka hapo sina ugomvi nao. Mshindani anayeleta kitu ambacho huna ni mtu wa kuzungumza naye.

Ugomvi unaanzia kurasa za nyuma. Rasimu hiyo hiyo inasema msimbo wowote utakaoandikwa wakati wa ubia utakuwa mali yao. Inasema wateja wetu "watalindwa" dhidi ya madai ya haki miliki na hataza (patent, haki ya kumzuia mwingine kutumia ubunifu wako) maadamu tuko ndani ya ubia. Na inatukataza kuhudumia programu nyingine yoyote ya uhasibu isipokuwa ya kwao na ile tunayouza sasa.

Hilo la kulindwa ndilo lililonikosesha usingizi. Tulindwe dhidi ya nani? Mwenye kutishia kudai ni huyo huyo anayeahidi kulinda. Na kifungu cha namna hiyo kina historia yake, yenye tarehe na fedha.

Tarehe 2 Novemba 2006 Microsoft na Novell walitangaza ubia. Novell ndiyo iliyokuwa inamiliki SUSE Linux, toleo mojawapo la Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Microsoft ilikuwa chini ya Steve Ballmer, ambaye mwaka 2001 aliifananisha Linux na saratani gazetini. Ghafla hao wawili wako jukwaa moja. Microsoft ilikubali kununua vyeti vya huduma za SUSE vya dola milioni 240 ili ivifikishe kwa wateja wake, na ikaongeza dola milioni 108 kwa upande wa hataza. Novell nayo ikaahidi kuilipa Microsoft si chini ya dola milioni 40 ndani ya miaka mitano, zikikokotolewa kutokana na mapato yake ya programu hizo. Kila upande ukaahidi kutowashtaki wateja wa mwenzake.

Ukisoma haraka unaona amani tupu. Lakini mwezi haujaisha Ballmer akasema hadharani kwamba Linux inatumia mali ya akili ya Microsoft. Mei 2007 wakataja idadi: hataza 235 ambazo, kwa madai yao, programu huria zilikuwa zinazivunja. Hawakuziorodhesha. Sasa jiweke mahali pa meneja wa benki aliyenunua Linux ya Red Hat, mshindani wa SUSE. Anamwona jirani aliyenunua SUSE ana barua ya kinga, yeye hana. Ahadi aliyopewa mteja wa Novell ikageuka hofu kwa mteja wa kila mtu mwingine. Jeremy Allison, mmoja wa waandishi wakuu wa programu huria ya Samba, alikuwa ameajiriwa Novell. Desemba 2006 akaacha kazi kwa sababu ya mkataba huo.

Msimamo wangu ni huu. Makubaliano ya kufanya programu zisomane yawe karatasi moja, na mambo ya nani anamiliki nini na nani atamshtaki nani yawe karatasi nyingine. Ya kwanza nitaisaini hata kesho. Ya pili naikataa. Wakiniambia ni zote au hakuna, nitajua walichokuja kununua ni ile ya pili. Nipeni hoja zenu, hasa mnaoona nimezidisha.

#2 Bi Mhasibu Chumbageni

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimependa unavyofikiri. Lakini nikueleze upande wa meza yangu.

Mimi naandika vitabu vya maduka. Mwenye duka haniulizi programu ni huria au imefungwa. Ananiuliza ritani ya VAT itakuwa tayari kabla ya tarehe 20 au haitakuwa. Kwenye mifumo isiyounganishwa na EFD karani anaandika mauzo mara mbili: mara moja kwenye programu, mara ya pili kwenye mashine ya EFD. Mteja akiwa na haraka, karani anapiga mashine kwanza na programu anasema ataijaza baadaye. Mwisho wa mwezi jumla mbili hazifanani, na anayekesha kutafuta tofauti ni mimi. Wala si fedha iliyoibwa, ni mifuko kumi ya saruji iliyoingizwa sehemu moja na kusahauliwa sehemu nyingine.

Kwa hiyo msikitupe kiunganishi chao kwa sababu ya kurasa za nyuma. Kwangu hicho peke yake kinatosha kuwaita mezani. Ila nina swali: hao Novell, baada ya kupewa fedha zote hizo, waliishia wapi?

#3 Msimbo Makorora

Shikamoo bi mkubwa. Hoja ya EFD naikubali yote, nimeziona hizo jumla mbili zikigombana.

Mwana Ngamiani, ngoja nikuongezee silaha. ERPNext iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, inayomruhusu kila mtu kutumia, kubadili na kusambaza programu mradi anayeipokea naye apate msimbo na uhuru huo huo. Kifungu chao cha "msimbo wote ni mali yetu" kwenye ERPNext yenyewe hakina nguvu, maana huwezi kumpa mtu hakimiliki usiyokuwa nayo. Msimbo ule umeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi. Kinachoweza kuchukuliwa ni moduli zenu za SACCOS, na hizo ndizo jasho lenu. Hata hizo, kama zimefungamana na ERPNext na mkawapelekea wateja, zinapaswa kwenda kwa leseni hiyo hiyo, mteja akiwa na haki ya kuupata msimbo. Wakisema ni mali yao na wakazifunga, mtakaokuwa mmevunja leseni ni nyinyi mliosambaza.

Lakini kubwa zaidi ni hili, na sijui kama mwandishi wa rasimu aliliona. GPL toleo la 3 ilitoka tarehe 29 Juni 2007, na ndani ya kifungu chake cha 11 kuna aya iliyoandikwa kwa sababu ya mkataba wa Novell. Inasema hivi kwa maneno yangu: huruhusiwi kusambaza programu hii kama umeingia makubaliano na kampuni inayofanya biashara ya kusambaza programu, ukawa unailipa kwa kadiri unavyosambaza, na yenyewe ikawapa kinga ya hataza wale tu waliopokea kutoka kwako. Mikataba iliyosainiwa kabla ya tarehe 28 Machi 2007 ilisamehewa, ndiyo maana Novell haikukamatwa. Ya baada ya hapo haisamehewi.

Soma tena rasimu yenu. Asilimia ya mapato kwenda kwao, na kinga ya hataza kwa wateja wenu peke yao. Mkisaini hivyo ilivyo mnaweza kupoteza haki ya kusambaza hiyo ERPNext mnayoishi nayo. Wao hawapotezi kitu, programu yao si ya GPL.

Halafu tafadhali, kuunganisha kufanyike kwa mbali: programu yao iongee na yenu kupitia milango ya data, kila moja ikiwa kwenye boma lake. Msichanganye msimbo wao ndani ya wenu. Mkizingatia hilo nusu ya maswali ya leseni yanaisha kabla hayajaulizwa.

#4 Duka la Mabati

Mimi ni mteja, yaani mtu mnayemgombania, naomba nisikilizwe. Hapa kwetu wanasema waja leo waondoka leo, na kwa kampuni za programu imekuwa kweli tupu. Wanakuja, wanatuita hotelini, wanaonyesha picha ukutani, wanachukua malipo ya mwaka mzima. Ubia wao ukivunjika huko mbele, simu hazipokelewi na kila mmoja anasema kasoro ni ya mwenzake.

Kinga ya hataza siijui na sijawahi kuiomba. Nataka orodha ya wadeni wangu niweze kuitoa siku yoyote nikiitaka, kwenye faili linalofunguka bila ruhusa ya mtu. Na nataka nijue mfumo ukigoma Jumamosi mchana nampigia nani.

#5 Mwana Ngamiani

Bi Mhasibu, ahsante, na Duka la Mabati swali lako la Jumamosi nalirudia baadaye. Kwanza nijibu la Novell.

SUSE ilinufaika, nisifiche. Vile vyeti viliuzika, na mwaka 2011 Microsoft na SUSE waliongeza mkataba hadi 2016 kwa ahadi ya dola milioni 100 nyingine. Wahandisi wao walifanya kazi ya maana ya kuziwezesha Windows na Linux kukaa kwenye seva moja. Lakini Novell kama kampuni ilinunuliwa na Attachmate mwaka huo huo wa 2011 kwa dola bilioni 2.2. Sambamba na hilo hataza zake 882 ziliuzwa kwa dola milioni 450 kwa kikundi kilichoitwa CPTN, na waliokuwa ndani ya kikundi hicho ni Microsoft, Apple, Oracle na EMC. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia kati ili hataza hizo zisigeuzwe rungu la kuzipigia programu huria, na mpango ukabadilishwa. Fikirini: mshirika wa 2006 ndiye anayehesabiwa miongoni mwa wanunuzi wa silaha za mwenzake 2011. Simlaumu mnunuzi, kitu kilikuwa sokoni. Nasema ukiingia ubia leo, weka hesabu ya siku ambayo mmoja wenu atauzwa.

Sasa tazameni njia nyingine, tena kwa mshindani yule yule. Red Hat ilikataa mkataba wa hataza wa aina ile ya Novell. Watu wakadhani haitafanya kazi na Microsoft maisha. Februari 2009 wakatangaza makubaliano: Windows ithibitishwe kufanya kazi juu ya mitambo pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya seva) ya Red Hat, na Linux ya Red Hat juu ya mitambo pepe ya Microsoft, na mteja akipata tatizo kampuni zote mbili zishirikiane kumhudumia. Ndani yake hakukuwa na haki za hataza wala za leseni za programu huria, na fedha pekee zilizohusika zilikuwa ada za majaribio. Mteja alipata kila alichokihitaji: mashine zinazosomana na watu wawili wanaopokea simu. Miaka ikapita, Novemba 2015 wakatangaza kwamba Linux ya Red Hat itaingia rasmi kwenye huduma ya wingu ya Microsoft, Azure. Novemba 2016 Microsoft yenyewe ikajiunga na Linux Foundation, taasisi inayolea Linux na programu huria nyingine.

Huo ndio ushahidi wangu kwamba karatasi mbili zinatenganishika. Aliyegoma kusaini ya hataza hakufungiwa mlango wa ushirikiano. Alichelewa miaka michache tu, na alipoingia aliingia na mali yake yote mkononi.

Wa Samba nao walikuwa na lao, na mimi naliona ndilo zuri kuliko yote. Samba ni programu huria inayoziwezesha kompyuta za Linux kutumia mafaili na printa kwenye mtandao wa Windows. Kwa miaka waliandika kwa kuchungulia ishara zinazopita kwenye waya, kwa sababu Microsoft haikutoa nyaraka. Tume ya Ulaya ikaibana Microsoft mwaka 2004, ikaitoza faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo, na Septemba 2007 mahakama ikakazia. Desemba 2007 taasisi iliyoundwa kuwakilisha programu huria ikalipa euro 10,000 mara moja tu, ikapokea nyaraka, na wa Samba wakaruhusiwa kuandika na kusambaza msimbo wao kwa GPL kama kawaida. Nyaraka zenyewe zilikuwa za siri, msimbo unaotokana nazo haukuwa wa siri. Walilipa bei inayojulikana, wakapata kitu kinachojulikana, wala hapakuwa na asilimia ya kila mteja milele.

Ndivyo ninavyotaka kiunganishi cha EFD. Tulipe ada ya kueleweka kwa matumizi, tupewe maelezo ya namna ya kuongea nacho, basi.

#6 Mpwani wa Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Nasoma uzi kwa makini maana nasi huku tunahudumia hoteli na shule kwa programu huria.

Mwana Ngamiani, hoja zako ni nzuri ila unawachora wa programu huria kama watu wasio na tamaa. Tuzungumzie kampuni ya Elastic basi. Walitoa Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya data, kwa leseni ya wazi kabisa ya Apache. Mwaka 2015 Amazon wakaanza kuiuza kama huduma kwenye wingu lao, chini ya jina lenye neno hilo hilo. Elastic wakaenda mahakamani kuhusu alama ya biashara 2019. Januari 2021 wakabadilisha leseni ili Amazon isiweze kuendelea hivyo. Amazon wakachukua toleo la mwisho la wazi, wakaliendeleza kwa jina la OpenSearch. Mwaka 2022 shauri la jina likamalizwa kwa maelewano, na Agosti 2024 Elastic wakarudisha leseni ya wazi ya AGPL, ndugu ya GPL, kama chaguo mojawapo.

Aliyeumia katikati ni nani? Ni sisi tuliojenga juu yake, tuliolazimika kuchagua upande na kuhamisha mifumo ya wateja ambao hawakuwa wameomba kuhama. Aliyebadilisha leseni hapo ni kampuni ya upande wetu. Redis, wenye hifadhidata ya jina hilo, nao Machi 2024 walibadilisha leseni hivyo hivyo, na nakala huria ya Valkey ikazaliwa ndani ya siku chache chini ya Linux Foundation.

Ninachokiona ni kwamba kinachokulinda ni idadi ya mikono iliyoshika msimbo. Kama hakimiliki yote iko kwa kampuni moja, iite huria au ya kufungwa, siku bodi ikibadili mawazo na wewe umebadilishiwa. Kwa hiyo hata moduli zenu za SACCOS, badala ya kuzikumbatia peke yenu, ziwekeni hadharani na mruhusu watu wa Bagamoyo, Morogoro na kwingine waziandike pamoja nanyi. Mbia wenu akizitaka atazipata kama sisi sote, na hatakuwa na cha kununua.

Na mfano wa washindani kushirikiana bila kumezana tunao nyumbani. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel walianza kuruhusu wateja wao kutumiana fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom akaingia 2016. Kila mmoja alibaki na mawakala wake, nembo yake na wateja wake. Walichokubaliana ni namna ya kupokezana fedha na nani analipa nini. Mama anayeuza samaki alipata faida siku hiyo hiyo.

#7 Wakili wa Pwani

Nimesita kuandika maana huu si ushauri wa kisheria, kila mkataba usomwe na wakili mwenye karatasi mkononi. Nataja yale ambayo naona wachangiaji hawajayagusa.

La kwanza, ushindani. Nyinyi na kampuni hiyo ni washindani, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza makubaliano ya washindani kupanga bei na kula njama kwenye zabuni. Kuunganisha programu na kuuza kila mtu chake hakuna shida. Lakini rasimu ikisema msiuze chini ya bei fulani, au kwenye tenda ya halmashauri mmoja awaachie wenzake, hapo mnaingia matatani nyinyi pamoja nao. Vijana wengi hawalijui hili, wanadhani udogo wa kampuni ni kinga.

La pili, data. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi. SACCOS ina majina, akiba na madeni ya wanachama. Programu zikianza kusomana, taarifa hizo zinavuka kwenda kwa kampuni ya pili. Mkataba useme nani ni mkusanyaji na nani ni mchakataji, taarifa zipi zinavuka na kwa kazi ipi. Kwa risiti ya EFD hakuna sababu ya deni la mwanachama kuonekana Dar. Na mjisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama hamjafanya hivyo.

La tatu, jina. Sajilini alama yenu ya biashara kabla ya kusaini. Ubia unapokufa, mara nyingi kinachogombaniwa zaidi ni jina ambalo wateja wamelizoea.

#8 Mwana Ngamiani

Wakili, hilo la tenda sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nashukuru sana. Na Mpwani, nakubaliana nawe kuhusu Elastic, na wazo la kuziweka moduli hadharani nimelipeleka kwa wenzangu. Wengi wamelipokea. Mmoja anahofia mshindani wa tatu atazichukua na kuuza. Nimemwambia mteja wa Mikanjuni hanunui moduli, ananunua mtu anayejua kwa nini riba ya mkopo wake haikukokotolewa.

Nimalizie kifungu cha kutukataza kuhudumia programu nyingine, ambacho hamjakigusa sana. Mimi nakiogopa kuliko kile cha msimbo. Oktoba 2005 Oracle walinunua kampuni ndogo ya Finland iitwayo Innobase. Ukiwa nje unaona ni habari ndogo. Lakini Innobase ndio waliotengeneza InnoDB, injini ambayo MySQL, wenye hifadhidata huria, waliitegemea kwa kazi nzito za kuhifadhi miamala, na mkataba wao wa kuitumia ulikuwa unaisha mwaka uliofuata. Usiku mmoja mbia wa MySQL akawa mshindani wake mkubwa. Februari 2006 Oracle wakanunua na Sleepycat, wenye hifadhidata ya Berkeley DB, ambayo nayo MySQL waliweza kuitumia kama injini. Mkataba uliongezwa, ndiyo, lakini kwa hiari ya Oracle. Sun wakainunua MySQL 2008 kwa dola bilioni 1, Oracle wakainunua Sun, na Januari 2010 MySQL yote ikawa ndani ya nyumba ya Oracle. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alishachukua msimbo na kuanzisha MariaDB. Aliweza kwa sababu leseni ilimruhusu. Bila GPL angebaki na kumbukumbu.

Na Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, je? Sehemu kubwa ya mapato yao imetoka kwa Google, wanaolipa ili utafutaji wao uwe wa kwanza ndani ya Firefox. Septemba 2008, malipo yakiwa yanaendelea, Google wakatoa Chrome. Novemba 2014 Mozilla wakahamia Yahoo, na 2017 wakarudi Google. Mlipaji na mshindani ni mtu mmoja kwa miaka yote hiyo. Mozilla hawakuvunja sheria yoyote wala Google hawakuwadanganya. Tatizo ni kwamba ukiwa na mlipaji mmoja, kila uamuzi unaanza kwa kujiuliza yeye ataonaje.

Sisi tukikubali kutohudumia kingine, ndani ya mwaka mmoja mapato yetu yatapita mikononi mwao. Hawatahitaji kutununua.

#9 Bi Mhasibu Chumbageni

Yote nimeyaelewa, hata ya hao Oracle. Sasa tushuke chini. Kwenye hiyo karatasi moja utakayoisaini, kiunganishi kikikwama tarehe 18 na ritani inatakiwa tarehe 20, nani anawajibika? Maana nimeona mikataba mizuri ya kila kitu isipokuwa siku hiyo.

#10 Mwana Ngamiani

Bi mkubwa, hapo ndipo tulipokaa leo mchana kutwa. Hii ndiyo rasimu tunayowarudishia, nimeiandika kwa lugha ya kawaida, wakili wetu ataiweka kwenye lugha yake.

Kiunganishi cha EFD ni chao na kinabaki chao; tunalipa ada ya mwezi kwa kila duka linalokitumia, na bei haibadiliki bila notisi ya siku 90. Ada hiyo ni ya kiunganishi tu, haihesabiwi kwa usambazaji wa ERPNext. Kifungu cha kinga ya hataza kinaondolewa chote. Moduli zetu ni zetu na zitatoka kwa GPL. Msimbo wa kuunganisha upande wetu tunauandika sisi, wa upande wao wanauandika wao. Kila kampuni iko huru kuuza na kuhudumia programu yoyote, kwa bei yake. Kinachovuka kwenda kwao ni taarifa za risiti peke yake.

Kwa swali lako na la Duka la Mabati: simu ya kwanza ya mteja ni yetu, siku zote, Jumamosi ikiwemo. Tukiona kasoro iko upande wao tunawapa taarifa ya maandishi, wana saa nne za kazi kujibu, na kati ya tarehe 15 na 20 ya kila mwezi wanaweka fundi mmoja anayepokea simu moja kwa moja kutoka kwetu. Wasipojibu ndani ya muda, ada ya mwezi huo kwa duka hilo hailipwi. Ubia ukivunjika wanaendelea kutupa kiunganishi kwa miezi sita ili tuwahamishe wateja, na kila mteja anapewa data zake zote kwenye faili la kawaida ndani ya siku saba, awe amelipa au anadaiwa.

Tunaituma Jumatatu asubuhi. Mwenye kuona tundu kabla ya hapo aandike, hasa kwenye hiyo miezi sita, maana mwenzetu mmoja anasema kwa SACCOS yenye wanachama wengi haitoshi.

#11 Msimbo Makorora

Haitoshi. Ombeni mwaka mmoja, ili SACCOS ifunge hesabu zake za mwaka ndani ya mfumo mmoja kabla ya kuhama.